Kutoka Mahakamani Hadi Bungeni, na Kurudi

Juma hili lote nimekuwa nikimfikiria Martha Karua, wakili na mwanasiasa wetu wa Kenya. Kelele za uchaguzi wa 2027 zimeshaanza, lakini sizo zilizonipeleka kwake. Kuna jambo ambalo wengi hulipita tunaposimulia maisha yake: kura zikimkataa, hurudi mahakamani na kazi inaendelea.

Ya mwanzo tunayajua. Alikuwa hakimu katika miaka ya themanini, akaacha utumishi huo 1987 na kufungua ofisi yake ya uwakili. Kisha ikaja kesi ya uhaini ya mwanasiasa mpinzani Koigi wa Wamwere na wenzake, waliokamatwa 1990. Nyinyi vijana mliozaliwa juzi, hebu lipimeni neno hilo, uhaini, katika Kenya ya chama kimoja. Adhabu yake kisheria ni kifo. Kumtetea mshtakiwa wa namna hiyo ilikuwa ni kujiweka machoni pa dola, na mawakili waliothubutu walikuwa wachache. Yeye alithubutu. Vyama vingi viliporudi, watu wa Gichugu walimpeleka Bungeni 1992, wakamrudisha mara tatu zaidi.

Uwaziri wake wa Maji naupita. Nasimama kwenye Wizara ya Haki, kwa sababu hapo ndipo ninapompenda na ndipo ninapogombana naye. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ikiwaka moto na watu zaidi ya 1,100 wakipoteza maisha, yeye alikaa upande wa Rais Kibaki katika mazungumzo yaliyosimamiwa na Kofi Annan, na hakulegea. Wakili humshikilia mteja wake mpaka mwisho, na hiyo ni sifa. Lakini mteja wa waziri ni nani? Ni rais aliyemteua, au ni yule mama aliyelala kambini na watoto? Naamini wakati ule ukali wa wakili ulimzidi nguvu kiongozi. Namheshimu sana, na hili bado linaniuma.

Hata hivyo, Aprili 2009 alijiuzulu. Majaji waliteuliwa bila yeye, waziri mhusika, kushirikishwa, akaona kubaki ofisini hakuna maana. Kwetu mawaziri wangapi huiacha bendera ya gari kwa hiari yao?

Alipowania urais 2013 alipata kura 43,881. Wengi wakasema basi, amekwisha. Akawania ugavana wa Kirinyaga 2017, akashindwa, akaenda kortini. Kesi hii ningependa ifundishwe kwa kila anayefikiria siasa. Mahakama Kuu iliitupa. Mahakama ya Rufaa ikairudisha ili isikilizwe. Ilipofika Mahakama ya Juu, ikaonekana kwamba miezi sita ambayo sheria inatoa kwa kesi za uchaguzi ilikuwa imeshapita, basi mlango ukafungwa. Fikiria: korti inakosea, rufaa inakubali kwamba ilikosea, halafu muda uliopotea kwa kosa hilo unahesabiwa juu ya mlalamishi!

Hakunyamaza. Alilipeleka jambo Arusha, katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na Novemba 2020 majaji wakaamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki yake ya kusikilizwa, wakaagiza alipwe dola 25,000. Ugavana haukurudi. Lakini kuanzia siku hiyo raia mwingine yeyote wa kanda hii, akifungiwa mlango nyumbani, ana hukumu ya kuishika mkononi. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko hata kuwa mgombea mwenza wa Raila Odinga katika urais wa 2022.

Tena ona alikokuwa baada ya hapo. Aliongoza mawakili wa Kizza Besigye, mpinzani wa serikali, nchini Uganda, baada ya kunyimwa kibali mwanzoni. Mei 2025 alienda Dar es Salaam kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani Tanzania aliyeshtakiwa kwa uhaini, akazuiliwa uwanja wa ndege na kurudishwa Nairobi. Miaka thelathini na mitano ilikuwa imepita tangu Koigi akamatwe, na shtaka lilikuwa lile lile.

Nayaandika haya kwa sababu kina mama wa kikundi chetu, ambao nimekuwa nikiwasaidia na kesi za mashamba na matunzo ya watoto, wananitaka nigombee udiwani. Wanasema nimezoea kuwasemea, sasa nikawasemee kwenye bunge la kaunti. Sijakataa. Ila kwenye kaunti nitakuwa na chama, na chama kina wakubwa wake, na siku moja nitatakiwa kuwatetea hao dhidi ya kina mama hawa hawa. Nimewaambia tukae tuandike masharti kabla sijachukua fomu yoyote. La kwanza nimeshaliandika: Jumamosi za kusikiliza kesi bila malipo zitaendelea, nikishinda na nikishindwa. Mengine nimewaachia wao.