Pete ya barazani Santa Fe

Jamani, nimeingia nyumbani sasa hivi kutoka Santa Fe, mji wa jimbo la New Mexico, Marekani. Miguu inauma, ila moyo umejaa.

Asubuhi nilipanda treni hapa Albuquerque, nikashuka na kutembea hadi Plaza, uwanja ulio katikati ya mji. Upande mmoja kuna Palace of the Governors, jengo la udongo lililoanza kujengwa 1610, na mbele yake baraza refu. Hapo wasanii wa makabila asilia hutandika vitambaa chini, wanauza walichotengeneza wenyewe. Wakiwa wengi, nafasi hugawanywa kwa bahati nasibu.

Nilichagua pete ya fedha yenye jiwe la feruzi.

Mama aliyeniuzia akaigeuza, akanionyesha alama ndogo iliyogongwa kwa ndani.

"Huyu ni mimi," akasema.

Njia nzima nimekuwa nikiipapasa alama ile.

Mchana nikala enchilada, chapati za mahindi zenye kujazwa na kumwagiwa mchuzi wa pilipili. Huko lazima uulizwe: pilipili nyekundu au ya kijani? Ukitaka zote unajibu "Christmas". Nilitaka zote! Ya kijani, yenye harufu ya moshi, bado naisikia mdomoni.

Nani ameshafika? Niambieni nikale wapi safari ijayo.