Dakika nne za saa nne usiku: siku moja maishani mwangu katika Bunge la Dublin

Saa 12:10 asubuhi

Kabla saa yangu haijalia nilisikia funguo mlangoni. Mama karudi kutoka zamu ya usiku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umelala wewe?"

"Nimelala."

"Muongo. Saa saba usiku umenijibu ujumbe."

Akavua viatu, akakaa jikoni bila kuvua koti. Mama anahudumia watu wazima wenye ulemavu katika nyumba inayoendeshwa na shirika la hisani, huku magharibi mwa Dublin. Kuwaogesha, kuwalisha, kuwapa dawa kwa wakati, kukaa macho wengine wakilala. Mimi ni msaidizi wa mbunge wa upinzani. Ndugu wa Tanga wakimuuliza mwanao anafanya kazi gani Ireland, mama hujibu "yuko Bungeni", halafu ananyamaza makusudi ili wadhanie makubwa. Ukweli ni kwamba kazi yangu kubwa ni kusoma barua za watu na kuhesabu sekunde.

Nilimwambia leo tukibahatika tutasema habari za watu kama yeye. Akaniuliza kama kuna chai iliyobaki.

Saa 1:15 asubuhi

Blanchardstown kwenda mjini napanda basi la 39A, nauli yuro 2 kwa kadi. Hiyo namba inaniandama, kwa sababu kazi niliyokuwa nayo kwenye begi siku hiyo ilikuwa juu ya Kifungu cha 39.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo penye kiini. Sheria ya Afya ya Ireland ya mwaka 2004 ina vifungu viwili vinavyofuatana. Chini ya Kifungu cha 38 kuna mashirika yanayotoa huduma kwa niaba ya HSE, mamlaka ya taifa ya huduma za afya, na wafanyakazi wake huhesabiwa watumishi wa umma. Chini ya Kifungu cha 39 kuna mashirika yanayopewa ruzuku na HSE hiyo hiyo, lakini wafanyakazi ni wa shirika. Wahudumu wawili wanaweza kuwa wanafanya kazi ile ile mtaa mmoja, huyu wa 38, yule wa 39. Mzee aliyeteleza bafuni hamuulizi anayemwinua yuko kifungu gani.

Uchumi ulipoporomoka, kuanzia mwaka 2009 serikali ilipunguza mishahara ya watumishi wa umma kwa sheria za dharura. Mashirika ya 39 nayo yakabanwa ruzuku, na mengi yakakata mishahara vile vile. Hali ilipotengemaa, watumishi wa umma wakaanza kurudishiwa chao. Hawa wa 39 wakaambiwa: nyinyi si watumishi wa umma. Kwenye kukatwa walikuwa ndugu, kwenye kurudishiwa wakawa majirani.

Oktoba 2023 mgomo ulikuwa umeshafika mlangoni ndipo vyama vya wafanyakazi vikapata makubaliano ya nyongeza ya asilimia 8. Machi 2025 yakaja mengine, asilimia 9.25 kwa awamu hadi Oktoba 2026. Ni hatua, sibishi. Watumishi wa umma wenyewe Januari 2024 walipata makubaliano yao ya asilimia 10.25. Tofauti ni kwamba mtumishi wa umma nyongeza ikipitishwa anaiona kwenye hati ya mshahara, ilhali wa 39 lazima fedha zitoke serikalini, zipite kwenye mikataba ya ruzuku, zifike kwenye shirika, ndipo zimfikie yeye. Njia ndefu, na kila kona kuna karatasi.

Saa 2:40 asubuhi

Leinster House, mtaa wa Kildare. Jumba la karne ya 18 la ukoo wa makabaila, na ukumbi wa Bunge ulikuwa zamani ukumbi wa mihadhara. Ukipita getini na kitambulisho chako shingoni unajiona mtu, hadi ufungue barua pepe.

Kila jimbo hapa lina wabunge watatu hadi watano, na mwananchi mwenye shida huwaandikia wote kwa mpigo. Anayejibu kwanza ndiye atakayekumbukwa. Kwa hiyo asubuhi yangu ni mbio: barua za nyumba, za watoto wanaosubiri kupimwa, za basi lisilokuja. Na moja kutoka kwa mhudumu wa Kifungu cha 39. Hakuandika kwa hasira. Aliandika kwamba alisikia redioni kuwa mishahara yao imepanda, wenzake wakampigia makofi kazini, lakini hati yake ya mwezi haijabadilika, na mwajiri anamwambia asubiri. Chini akaongeza kuwa mwanawe wa chuo anapanga bidhaa supamaketi wikendi, na kwa saa wanakaribiana. Kima cha chini cha mshahara mwaka huo, 2025, kilikuwa yuro 13.50 kwa saa, na Januari 2026 kikawa 14.15. Mhudumu huyo ana miaka mingi kazini.

Nikaichapisha barua, nikaipeleka kwa mbunge wangu. Nyumbani ningemwita Mheshimiwa. Hapa hakuna hayo, hata mlinzi wa getini anamwita kwa jina la kwanza. Mwezi wa kwanza ulimi ulikuwa unakataa, nikawa naepuka kabisa kumwita. Mpaka leo kichwani mwangu ni Mheshimiwa, na humu nitamwita hivyo. Cheo chenyewe kwa Kiayalandi ni Teachta Dála, na neno *teachta* maana yake ni mjumbe. Nilipolijua hilo nikamwambia kwetu mjumbe hauawi. Akasema kwao anauawa kila uchaguzi.

Saa 3:30 asubuhi

Nikapeleka ombi la hoja ya papo kwa papo. Wabunge wengi huomba, Spika huchagua chache tu, na kila moja hupewa dakika 12: mbunge dakika nne, waziri nne, kisha mbunge mbili na waziri mbili. Basi. Njia nyingine ni swali la maandishi, ambalo tulishaliuliza, na tukajibiwa jibu linalojulikana na kila msaidizi humu ndani: kwamba kwa kuwa ni suala la kiutendaji, HSE imeombwa imjibu mbunge moja kwa moja.

Saa 5 asubuhi

Ofisi ya Miswada. Hapa ndipo wasaidizi wapya hulia.

Mheshimiwa alitaka kuweka marekebisho kwenye mswada fulani ili nyongeza za watumishi wa umma ziwafikie wahudumu wa 39 siku ile ile. Maneno mepesi, mstari mmoja na nusu. Karani, mtu mpole sana, aliusoma akatikisa kichwa kabla hajafika nukta. Yatagharimu fedha za umma. Katiba ya 1937, Ibara ya 17, inasema Bunge haliwezi kupitisha matumizi ya fedha za umma bila ujumbe wa serikali uliosainiwa na Taoiseach, yaani waziri mkuu. Kanuni za Bunge nazo zinafunga mlango kwa mbunge asiye waziri. Kwa maneno mengine, mpinzani anaruhusiwa kusema watu walipwe, asichoruhusiwa ni kuandika kwenye sheria kwamba walipwe.

Ndiyo maana ukisoma marekebisho ya wapinzani wa Ireland utadhani ni watu wanaopenda sana ripoti. "Waziri atawasilisha ripoti ndani ya miezi sita kuhusu gharama ya…" Si kwamba tunapenda. Ripoti ndiyo senti pekee tunayoruhusiwa kuitumia. Nikaandika upya kwa mtindo huo, karani akapiga muhuri, tukatakiana siku njema. Nakiri inanikera hadi leo, ingawa nikijiweka kwenye viatu vya anayekusanya kodi naelewa kwa nini mlango ule una kufuli.

Saa 7 mchana

Supu na mkate. Ujumbe ukaingia: hoja yetu imechaguliwa. Ya mwisho kwenye orodha, maana yake usiku.

Saa 8 mchana

Maswali ya viongozi. Kila Jumanne na Jumatano viongozi wa vyama vya upinzani humbana Taoiseach, Micheál Martin, na Alhamisi anayejibu ni naibu wake. Kiongozi ana dakika tatu, akijibiwa anarudi kwa dakika moja. Kengele inalia, ofisi zote zinawasha runinga, na vipande unavyoviona mtandaoni vinatoka saa hii.

Watu hushangaa dakika zinavyogombaniwa. Januari 22, 2025, Bunge lilishindwa hata kumchagua Taoiseach, kikao kikavunjika kwa kelele, akachaguliwa kesho yake. Ugomvi ulikuwa juu ya nani apewe muda wa upinzani: wabunge huru waliokuwa wanaiunga mkono serikali nao walitaka nafasi ya kuihoji. Ulirudi tena Machi, hadi Spika Verona Murphy, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho, akapigiwa kura ya imani. Kwa mtu wa nje ni vituko. Kwangu mimi ninayepima hotuba kwa sekunde, ulikuwa ugomvi wa chakula.

Saa 10 jioni

Nje, mtaa wa Molesworth, kikundi kidogo na filimbi. Dublin ya Novemba imeshaanza giza.

Ndani tunakata. Dakika nne ni kama maneno 500, na mimi nilikuwa na 760. Mheshimiwa anasoma kwa sauti, mimi na simu ya kuhesabia. Nilipenda sana aya yangu ya historia: 2009, sheria za dharura, vyama vya wafanyakazi vya SIPTU, Fórsa na INMO kwenye meza ya majadiliano. Akaifuta yote.

"Waziri anaijua hii," akasema.

"Watazamaji hawaijui."

"Ukimpa waziri historia, atakujibu kwa historia. Dakika nne zimekwisha."

Kikabaki kitu kimoja: barua, bila jina la mtu wala la shirika, na swali moja, ni tarehe gani. Akalirudia mara tatu kwenye karatasi moja. Nilidhani inachosha. Nilikosea, kama mtakavyoona.

Saa 3:50 usiku

Nikapanda roshani ya wageni. Bunge lina wabunge 174. Niliowahesabu chini walikuwa wanne, pamoja na aliyekalia kiti cha Spika. Wengine wote ni viti vya ngozi. Anayeandika kumbukumbu rasmi yupo, haondoki, na ndiye mtu muhimu kuliko wote saa hiyo.

Aliyekuja kujibu alikuwa waziri mdogo wa wizara nyingine kabisa, na karatasi aliyoandikiwa. Mheshimiwa akasoma barua taratibu. Tarehe gani? Tarehe gani? Waziri akasoma: serikali inathamini kazi kubwa ya wahudumu, makubaliano yanatekelezwa kwa awamu, mchakato unaendelea. Sauti ya mtu anayesoma kitu kwa mara ya kwanza unaijua tu.

Dakika mbili za mwisho. Mheshimiwa hakuongeza neno jipya. Alisema, nimesikia awamu, nimesikia mchakato, sijasikia tarehe. Akakaa, na dakika moja na nusu mkononi.

Ukimya ulikuwa mrefu. Waziri akatazama karatasi, hakukuwa na jibu la hilo ndani yake. Akaiweka chini. Akasema hana tarehe, na kwamba angekuwa yeye ndiye anayengoja angetaka kuijua, kwa hiyo ataiulizia, na mbunge atapata jibu la maandishi kabla ya Ijumaa.

Ijumaa. Nikaandika saa na dakika kwenye kiganja, kwa kalamu, kama mtoto wa shule.

Saa 5:20 usiku

Basi la 39A, ghorofa ya juu, vioo vimefunga ukungu. Nilimtumia mama kiungo cha video. Alikuwa zamu, lakini kuna kipindi cha mapumziko.

Akajibu baada ya kituo cha pili: "Nimeona. Huyo waziri tai imempinda."

"Amesema Ijumaa, mama."

"Ijumaa ya wiki hii?"

Nikarudisha video nyuma, nikasikiliza tena kipande kile. Alisema kabla ya Ijumaa. Ya wiki gani, hakusema.

Nimeweka kengele ya simu: kesho saa 3:00 asubuhi, piga wizarani.