Kamanda wa usiku

Mkuu wa kituo chetu cha polisi amehamishwa, na kama kawaida tumejua begi lake likiwa tayari kwenye gari. Ameletwa mwingine. Katokea wapi, mkali kiasi gani, anaongea na watu au haongei, tutayajua taratibu. Wauza gongo watayajua kwanza.

Silalamiki. Ndivyo jeshi lilivyopangwa: Rais anamteua IGP, mkuu wa polisi wa nchi nzima, na uhamisho unashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa OCS, yaani mkuu wa kituo, wa mji mdogo kama huu. Marekani, sehemu nyingi, nasikia sherifu anapigiwa kura na wananchi. Hapa kwetu tukimpigia kura OCS, kesi ya shemeji yake haitafunguliwa mpaka mwisho wa dunia. Afadhali huyo mgeni asiyemjua mtu.

Lakini yupo mkubwa wa usalama tunayemchagua wenyewe, kwa kunyoosha mikono, naye ni kamanda wa sungusungu wa mtaa, wale raia wanaolinda usiku. Kwenye barua za ofisi anaandikwa wa ulinzi shirikishi. Nafasi hiyo tunaichezea kuliko tunavyochezea chaguzi nyingine zote.

Mji wetu ni wa barabarani, njia ya kwenda Isaka na Kahama. Malori ya Rwanda na Kongo yanalala hapa, na yanapolala malori hawakosekani wanyonya dizeli, wafungua betri na wakata maturubai. Mimi nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu jirani na maegesho. Nafunga saa tatu usiku nikiwa na fedha za watu. Naziweka wapi, hiyo siandiki hapa. Kwa hiyo suala la nani analinda usiku nalifuatilia kuliko wengine wanavyofuatilia Simba na Yanga.

Sungusungu hawakuanzia mjini. Walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa Kahama na Shinyanga, wizi wa ng'ombe ulipozidi na watu wakachoka kusubiri askari wafike. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo, wakapata mamlaka ya kukamata. Baba mkwe wangu alikuwemo kijijini kwao. Upinde wake bado umechomekwa juu kwenye kenchi, umekauka, wajukuu hawaruhusiwi kuugusa. Ukimkuta ametulia atakusimulia walivyokuwa wakikaa dagashida, mkutano wao wa hadhara, kuamua, na jinsi mkaidi alivyotengwa: hauziwi chumvi, hapewi moto, akifiwa anachimba kaburi mwenyewe na wanawe. Sehemu hiyo huwa ananisimulia kwa raha kupita kiasi, na mimi huwa simwitikii. Ila nilipomuuliza walimpataje kamanda, alinijibu neno ambalo nililibeba mpaka mkutanoni: "Mwanangu, hatukuuliza ana nguvu kiasi gani. Tuliuliza ng'ombe wake wametoka wapi."

Mkutano wenyewe uliitwa na mwenyekiti mpya wa mtaa, baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024. Kundi la zamani lilikuwa limekufa lenyewe. Kamanda aliyepita ndiye aliyekusanya mchango, ndiye aliyeutunza na ndiye aliyeutumia. Shilingi 2,000 za kila kaya ziliingia mfuko mmoja, na vijana wakaendelea kulinda kwa tochi za simu zao. Hakuna aliyeiba, tuliambiwa. Hesabu tu hazikuwepo.

Majina yaliyotajwa yalikuwa matatu: mpakiaji wa magunia mwenye mwili kama mlango wa ghala, mwenye mashine ya kusaga, na fundi cherehani mmoja mwembamba aliyewahi kupita mgambo. Mpakiaji aliposimama ajitambulishe, watu walipiga makofi kabla hajafungua mdomo. "Huyo huyo! Mwizi akimwona tu anajisalimisha!" Mwenyekiti akawa anataka mikono inyooshwe tumalize, maana jua lilikuwa limeshaingia chini ya mwembe.

Nikanyoosha wangu, lakini wa kuuliza. "Mwenyekiti, kabla hatujapiga kura, kila mmoja atuambie: akikamata mtu saa nane usiku, anafanya naye nini mpaka kukuche?"

"Anamfundisha adabu kwanza, mama," alijibu mmoja kutoka nyuma, wala hakuwa mgombea. Watu wakacheka sana.

Mkaguzi wa polisi wa kata yetu alikuwepo, amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini. Hakucheka. Aliomba nafasi, akatukumbusha jambo ambalo wote tulilijua na hatukupenda litajwe. Kijana fulani alikamatwa na betri ya lori. Walinzi wetu walimfunga kwa mpira wa baiskeli, wakampiga mpaka alfajiri, kisha wakambeba kwenda kituoni. Pale kaunta swali la kwanza halikuhusu betri. Lilikuwa: nani amempiga huyu? Walinzi wakatoka mmoja mmoja kama wanaenda kujisaidia, hawakurudi. Betri ilibaki kaunta bila mtu wa kusema ilikamatwa wapi, saa ngapi, mikononi mwa nani. Kijana akapelekwa kutibiwa, akapata dhamana, na mtaani tukaanza wimbo wetu wa siku zote kwamba polisi wamekula hela.

"Pengine walikula, sijui, sikuwepo," alisema afande, na kwa hilo nilimpa heshima yangu. "Lakini hata wasipokula, lile faili lingekufa. Hakukuwa na shahidi."

Akaeleza kwamba raia anayeona kosa likitendeka anaruhusiwa kumkamata mtu, lakini sheria inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Masaa yale ya kati, kuanzia kukamata mpaka kukabidhi, ndiyo yanayoua kesi, na wakati mwingine yanaua mtu kabisa. Nchi imeunda tume kubwa juu ya mambo haya. Ile ya Haki Jinai iliundwa Januari 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na ilisema mengi kuhusu polisi. Sawa. Ila hakuna tume itakayokuja kusimama kwenye maegesho yetu saa nane usiku.

Fundi cherehani alijibu swali langu bila kujipamba. Angeandika jina, saa, mahali na kitu kilichokamatwa. Angewataka walioona waweke sahihi. Angempeleka mtu kituoni usiku uleule hata kwa kumsukuma kwenye toroli. Mpakiaji alisema angempigia simu mwenyekiti. Mwenye mashine alisema wezi wote anawajua kwa majina, jibu lililotushtua kidogo.

Ubishi mkali haukuwa hapo, ulikuwa kwenye zamu. Kila kaya itoe mwanaume mmoja siku ya zamu yake, asiyetoka alipe 5,000. Wengi wakaitikia. Jirani yangu ni mjane, watoto wake wote wa kike na mkubwa yuko darasa la tano. Atamtoa nani? Mzee mmoja akapendekeza kina mama wasio na waume wawe wanawapikia walinzi chai. Akina baba wakaona ni jambo la huruma. Nikauliza sukari ni ya nani, na majani, na mkaa, halafu nikapiga hesabu hapohapo kwa sauti: chai ya usiku mmoja kwa walinzi wanane inapita ile faini ya 5,000. Mama mmoja muuza samaki akamalizia kazi: "Na nani atanisindikiza na birika saa saba usiku, mwizi?" Hapo mkutano ulichangamka. Mwishowe mjane atalipa mchango kama kaya nyingine, na zamu hadaiwi.

Matokeo? Mpakiaji alishinda ukamanda. Kifua ni kifua. Lakini tulifanikiwa kuvunja ule mfuko mmoja: fundi cherehani akawa katibu, anashika kaunta buku la matukio na mahudhurio; fedha zinakaa kwa muuza samaki, na haitoki shilingi bila sahihi ya mwenyekiti na katibu. Mapato na matumizi yanabandikwa mlangoni kwa ofisi ya mtaa. Na tulikubaliana, afande akiwa shahidi, kwamba mlinzi atakayempiga mtu aliyekwisha kukamatwa mtaa hautamtetea.

Kusema kweli kamanda wetu amenishangaza. Ule mwili unamsaidia kuwazuia wenzake kuliko kupiga wezi. Majuzi walimkamata mtu na dumu la dizeli na mpira wa kunyonyea. Wenye hasira walipoanza kukusanyika alisimama katikati akawaambia atakayegusa aanze na yeye. Katibu akaandika. Ukurasa nimeuona: saa 8:20 usiku, dumu la lita 20, rangi ya njano, kifuniko hakuna, na sahihi za watu watatu, mmojawapo dereva mwenyewe.

Sasa kesi ipo mahakama ya mwanzo, na tatizo limehamia kwingine. Dereva yuko safarini. Walinzi wawili wameitwa kutoa ushahidi, shauri likaahirishwa, wakaitwa tena, likaahirishwa tena. Mmoja ni kibarua wa kutwa. Siku aliyokaa kwenye benchi la mahakama ni siku ambayo watoto wamelala na uji. Ameniambia waziwazi kwamba akiitwa tena haendi.

Mkutano ujao nimeomba ajenda iingizwe: shahidi alipwe kutwa yake kutoka kwenye mchango, na iandikwe kwenye yale mapato na matumizi mlangoni. Mwekahazina anaunga mkono. Mwenye mashine ameshanifuata kibandani kuniambia atapinga, kwa sababu mchango ni wa tochi.