Roshani ya juu, Symphony Hall

Jana jioni niliingia Symphony Hall, ukumbi wa muziki wa Boston, Marekani, kwa mara ya kwanza. Tiketi yangu ilikuwa ya roshani ya juu kabisa, nikajua nitasikia kwa shida. Wapi! Fidla moja ilipoanza polepole, niliisikia kana kwamba mpigaji amekaa kiti cha mbele yangu. Orkesta nzima ilipokoma ghafla, sauti ilibaki hewani karibu sekunde mbili, ikayeyuka taratibu. Mwili ulinisisimka.

Ukumbi huu wa mwaka 1900 ni mrefu na mwembamba, dari yake iko juu sana, kama boksi la viatu. Kuta za pembeni hukurudishia sauti upesi, na sanamu zilizo kwenye mashubaka huitawanya. Mshauri wake wa mambo ya sauti alikuwa Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard. Miaka michache kabla, alikuwa akihamisha mito ya viti usiku kucha, anapuliza neli ya kinanda cha mabomba, kisha anapima kwa saa mwangwi unakwisha lini. Mito ya viti, jamani! Kumbe humeza sauti. Hata nguo zetu wasikilizaji huimeza, ndiyo maana ukumbi ukijaa husikika tofauti na ukiwa mtupu.

Wiki ijayo narudi, roshani ileile.