Siku tatu Magadi bila stima

Tumelala Magadi siku tatu na Hiace yetu, bila stima wala mfereji, na furaha niliyorudi nayo bado haijaisha. Miezi minne nimekuwa nikiiandaa hii gari: kitanda cha mbao, sola ya wati 200 juu ya paa, betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 100. Friji yetu ndogo inanguruma taratibu usiku kucha, na asubuhi maziwa ya chai ni baridi kabisa.

Maji ndiyo yamenifunza. Lile Ziwa Magadi ni magadi matupu, maji yake hayanyweki. Tulibeba lita 60 kwa watu watatu. Asubuhi ya mwisho nikainamisha mtungi nikasikia vilita viwili vitatu tu vikicheza chini. Safari ijayo ni 100, tena kwenye madumu ya 20, maana mtungi mmoja ukipasuka yote yamekwenda.

Na jamani, wekeni fyuzi karibu kabisa na betri. Waya wangu ulisuguana na bati njiani mpaka ukachunika. Fyuzi ikakatika, tukapona. Mama watoto alikuwa amelala juu ya waya huo hapo hapo.