Abner Mikva: kutoka kiti cha Kongresi hadi kiti cha jaji

Kila Marekani inapoteua majaji, barza ya Jaws Corner hapa Zanzibar haikosi suali hili: vipi mtu aliyekuwa jukwaani juzi akiomba kura, leo avae joho na kukata kesi? Mfano unaofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni wa Abner Mikva wa Illinois. Yeye alipita kila mlango, na milango miwili nusura imkwamishe.

Kwanza tutenganishe majina. Marekani nako kuna Baraza la Wawakilishi, ila si sawa na letu la Chukwani. Lao ni upande mmoja wa Kongresi. Upande wa pili ni Seneti, na Seneti peke yake ndiyo inayowapigia kura majaji. Hapa kwetu jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais wa Zanzibar kwa mapendekezo ya Tume ya Utumishi wa Mahakama, na Wawakilishi hawapigi kura.

Mikva alizaliwa Milwaukee mwaka 1926 na kumaliza sheria Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1951. Akaenda kuwa karani wa Jaji Sherman Minton katika Mahakama ya Juu. Karani wa aina hii si yule wa kupokea majalada dirishani. Ni mwanasheria kijana anayemtafutia jaji kesi za nyuma, kupima hoja na kumwandalia rasimu. Minton naye alikuwa seneta wa Indiana kabla ya kuwa jaji, kwa hiyo njia hii Mikva aliiona mapema, tena kwa karibu. Baadaye akakaa miaka kumi katika bunge la jimbo la Illinois, akaingia Kongresi 1969, akashindwa 1972 baada ya mipaka ya majimbo ya uchaguzi kuchorwa upya, akarudi 1975.

Mwaka 1979 Rais Carter akampendekeza awe jaji wa Mahakama ya Rufaa ya Washington. Hatua zenyewe ndizo hizi. FBI huchunguza mwenendo wa mtu. Chama cha wanasheria humpima kama anafaa. Kisha mteule hujaza dodoso refu la Kamati ya Sheria ya Seneti: mapato, kesi alizosimamia, hotuba alizotoa. Hufuata mahojiano ya hadharani, kura ya kamati, halafu kura ya Seneti nzima. Wingi wa kawaida unatosha, lakini jina likilala kamatini mpaka Kongresi imalize muda wake, linarudishwa kwa Rais na kazi inaanza upya.

Kwa mwanasiasa, kinachouma ni yale aliyokwisha kuyasema. Mikva alikuwa amepigania miaka mingi udhibiti wa bastola, na chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kilisimama kidete kumzuia. Alipita tarehe 25 Septemba kwa kura 58 dhidi ya 31, akajiuzulu ubunge, kwa sababu katiba yao hairuhusu mtu kushika vyote viwili.

Mlango wa pili ndio ninaowasisitizia wanafunzi wa sheria, maana wengi huuruka. Katiba ya Marekani, Ibara ya 1 kifungu cha 6, inasema mbunge asiteuliwe, katika muda aliochaguliwa, kwenye cheo ambacho mshahara wake umeongezwa ndani ya muda huohuo. Shabaha yake ni kuzuia wabunge wasijipikie vyeo vinono. Seneta James McClure wa Idaho akafungua kesi akidai kwamba mishahara ya majaji iliongezwa Mikva akiwa bado na muda wake, kwa hiyo uteuzi ni batili. Kongresi ilikuwa imepitisha hata kifungu maalumu cha kumruhusu mbunge au seneta kufungua kesi hiyo.

Mwaka 1981 mahakama ikaitupa kesi, na si kwa kusema Mikva yuko sawa. Ilisema McClure hana haki ya kushitaki: alishindwa kwenye kura ya Seneti, na kushindwa kura si madhara ya kumpeleka mtu mahakamani. Suali lenyewe la mshahara likabaki bila jibu.

Kwa waziri kuna dawa. Mwaka 1973, Seneta William Saxbe alipoteuliwa Mwanasheria Mkuu, ambaye kwao ni waziri, Kongresi ilirudisha mshahara wa cheo kutoka dola 60,000 hadi dola 35,000. Kwa jaji dawa hiyo ni ngumu, kwa vile katiba hiyohiyo inakataza kupunguza mshahara wa jaji aliyeko kazini.

Mwaka 1991 Mikva akawa jaji kiongozi wa mahakama yake, cheo kinachofuata ukongwe bila uchaguzi. Mwaka 1994 akaacha kiti cha maisha na kwenda kuwa mwanasheria wa Ikulu ya Rais Clinton. Hapa hesabu ina maana. Sheria inataka umri na miaka ya kazi vifike 80, umri usiwe chini ya 65 na kazi isiwe chini ya miaka 10, ndipo jaji anayestaafu aendelee kulipwa mshahara wake wote. Mikva alikuwa na umri wa miaka 68 na kazi ya miaka 15: jumla 83.

Mmoja wa makarani wake, Elena Kagan, alimfuata Ikulu. Tangu 2010 amekaa Mahakama ya Juu, palepale Mikva alipokuwa akimwandalia Minton rasimu.