Goti lililokuwa linauma nikishuka ngazi, nilivyolitatua

Goti la kulia nikitembea tambarare halina shida, ila nikishuka ngazi yaani maumivu yanakuja mbele kabisa, nyuma ya pia ya goti. Kupanda afadhali. Fizio (mtaalamu wa tiba ya mazoezi) akanisimamisha mguu mmoja mbele ya kioo nikunje goti taratibu, na hapo ndo nikaona jambo lenyewe: goti linaingia ndani afu nyonga ya upande wa pili inashuka.

Iko hivi, pia ya goti imekaa ndani ya kano ya misuli ya mbele ya paja na inateleza kwenye mfereji ulio mwisho wa fupa la paja, sasa ukishuka ngazi misuli hiyo inafanya kazi huku inarefuka, inaigandamiza hiyo pia ya goti kwa nguvu inayozidi uzito wako mara kadhaa. Fupa la paja likijizungusha kwenda ndani, mzigo mwingi unaangukia upande wa nje wa pia. Na mmojawapo wa wanaolizuia ni msuli wa pembeni ya tako, gluteasi midiasi, sio goti!

Basi nikahamia kwenye nyonga. Nalala ubavu, nainua mguu wa juu kisigino kikiwa nyuma kidogo (ukiupeleka mbele msuli mwingine unaiba kazi), halafu nashuka kistepu kifupi polepole goti likifuata kidole cha pili cha mguu. Hilo la kistepu ndo lenyewe kabisa. Baada ya wiki kadhaa ngazi nashuka bila kushika reli. Ila goti likivimba au kukwama hiyo ni kesi nyingine, kapimwe.